Kundi la 6, kufuzu Kombe la Dunia 1994: Ufaransa haikuuawa na krosi ya Ginola

KibenderaChaKona (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kila mechi za kufuzu za Ulaya zinaporudi, lazima atokee mtu wa kuturushia ile video ya Parc des Princes, Paris, 17 Novemba 1993. Ufaransa 1, Bulgaria 1, saa inasoma dakika ya 90. David Ginola anapiga krosi inayompitiliza kila mtu, Wabulgaria wanaondoka na mpira, Emil Kostadinov anapachika la pili, Ufaransa hawaendi Marekani. Chini ya video maneno ni yaleyale miaka nenda miaka rudi: Ginola msaliti, Ginola kaizika nchi yake.

Mimi maneno haya yananiuma. Mtu mmoja anatwishwa mzigo wa timu nzima, na wengi wanaomtwisha hawajawahi kuutazama msimamo wa kundi lile. Huu hapa. Kila timu ilicheza mechi 10. Nimeandika ushindi, sare, kufungwa, mabao, halafu pointi.

Sweden: 6, 3, 1. Mabao 19-8. Pointi 15
Bulgaria: 6, 2, 2. Mabao 19-10. Pointi 14
Ufaransa: 6, 1, 3. Mabao 17-10. Pointi 13
Austria: 3, 2, 5. Mabao 15-16. Pointi 8
Finland: 2, 1, 7. Mabao 9-18. Pointi 5
Israel: 1, 3, 6. Mabao 10-27. Pointi 5

Enzi hizo ushindi ulikuwa pointi 2, sare pointi 1, na timu mbili za juu ndizo zilizokwenda Kombe la Dunia. Hakukuwa na mtoano wa kumwokoa aliyeshika nafasi ya tatu.

Sasa tazameni ushindi. Sweden 6, Bulgaria 6, Ufaransa 6. Wote sawa! Waliachana kwenye sare. Sweden walipata tatu, Bulgaria mbili, Ufaransa moja tu. Na msidhani ni ile hesabu ya zamani ya pointi 2 iliyowaponza. Piga kwa pointi 3 za siku hizi: Sweden 21, Bulgaria 20, Ufaransa 19. Mpangilio uleule.

Ufaransa ile ilijua kushinda na ilijua kufungwa. Kutoa sare haikujua. Na tarehe 17 Novemba ilichotakiwa kufanya nyumbani kwake, mbele ya watu wake, ni kutoa sare basi.

Karibuni tujadili, ila tuheshimiane.

---

Namba Sita

Uzi mzuri mkuu, lakini sikubaliani. Sare walikuwa nayo mkononi! Ilikuwa 1-1 hadi dakika ya mwisho. Ufaransa wanapata faulo kulia kabisa karibu na kona ya Bulgaria, Guérin anamwanzia Ginola kwa pasi fupi. Hapo mchezaji yeyote, hata wa ligi ya mtaani, anajua la kufanya: peleka mpira kwenye kibendera, weka mwili, ngoja filimbi. Yeye akapiga krosi ya kumtafuta Cantona. Kosa la nani hilo kama si lake?

---

KibenderaChaKona

Mkuu Namba Sita, kosa la kupiga krosi ni la Ginola na sijalikana. Ila itazame tena ile video, safari hii usimtazame Ginola. Krosi imepitiliza hadi upande wa pili, Kremenliev kaupata mpira. Uko wapi? Uko kwenye nusu ya Bulgaria, karibu urefu wote wa uwanja kutoka alipo Bernard Lama golini. Timu iliyojipanga kulinda sare haifungwi kutoka kule. Zimebaki sekunde chache, una Deschamps katikati, una Le Guen, una Desailly na Blanc na Roche na Petit nyuma. Nani alimwangusha mtu? Faulo moja tu katikati ya uwanja, kadi ya njano, mechi imekwisha.

Hakuna aliyefanya hivyo. Mpira ukafika kwa Lyuboslav Penev, akauchopeka juu ya mabeki, Kostadinov akaingia kulia peke yake akiwa na beki mgongoni, akaachia shuti lililogonga chini ya mtambaa panya na kutumbukia ndani. Shuti lile kwanza lipewe heshima yake. Pembe ilikuwa finyu, mpira ulikuwa bado unadunda, na Lama alikuwa ameziba vizuri. Kwenye mechi kumi atalipata mara moja.

Tusisahau vilevile kwamba bao la kwanza la Bulgaria lilifungwa na Kostadinov huyohuyo, kwa kichwa, kutoka kona ya Balakov dakika ya 37. Cantona alikuwa amefunga dakika ya 32 baada ya Papin kumtengea kwa kichwa. Uongozi wao ulidumu dakika tano. Muda huo Ginola alikuwa benchi. Aliingia dakika ya 69 badala ya Papin. Ile kona pia aliilinda yeye?

---

DadaWaKandanda

Mleta uzi asante kwa hiyo ya dakika ya 37, watu hawaisemi kabisa.

Mimi naongeza moja. Usiku wa Bulgaria ulikuwa usiku wa kujirekebisha. Usiku wenyewe wa msiba ulikuwa mwezi mmoja nyuma yake, tarehe 13 Oktoba, uwanja uleule. Ufaransa na Israel. Hebu tusimulie hiyo, maana vijana wengi humu hawaijui.

---

KibenderaChaKona

Dada umenitoa mdomoni. Nikiambiwa nichague mechi moja iliyoamua kundi la 6, nachagua hiyo.

Israel wanafika Paris wakiwa kibonde wa kundi. Mechi 7, ushindi sifuri, pointi 2 tu walizookota kwa sare, wamefungwa mabao 21. Februari mwaka huohuo Ufaransa walikuwa wamewafuata kwao na kuwapiga 4-0. Ufaransa wana pointi 13 na wanaongoza kundi. Sweden wana 12, Bulgaria wako nyuma kwa 10. Ukishinda mechi ile unafika 15, na Bulgaria hata wakishinda zote mbili zilizobaki wanaishia 14. Ushindi mmoja nyumbani dhidi ya kibonde, tiketi ya ndege iko mfukoni.

Dakika ya 21 Ronen Harazi anawafungia Israel. Uwanja kimya kidogo, lakini hakuna aliyeogopa, kwa sababu Sauzée alisawazisha na kabla ya mapumziko Ginola, ndiyo, Ginola huyohuyo, akafunga la pili. 2-1. Kipindi cha pili kikaanza kwenda hivihivi, Ufaransa wanacheza kama watu waliokwisha kufuzu. Dakika ya 80 imepita, bado 2-1.

Ronny Rosenthal, wakati huo yuko Liverpool, alikuwa amewasumbua mabeki wa Ufaransa usiku kucha kwa kukimbia na mpira. Dakika ya 83 Eyal Berkovic anasawazisha. Na sasa sikilizeni: hata hapo Ufaransa hawakurudi nyuma kufunga milango. Waliendelea kufunguka wakitafuta la tatu, na kwenye dakika za majeruhi Reuven Atar akawamaliza. 2-3. Huo ndio ushindi pekee wa Israel kwenye kundi zima. Mechi 10, ushindi mmoja, na wameupata Paris.

Siku hiyohiyo Bulgaria waliipiga Austria 4-1, na Sweden wakaifunga Finland 3-2. Usiku mmoja, kundi lote likageuka.

Nauliza: kile kilichowapata dhidi ya Israel dakika ya 93 kina tofauti gani na kilichowapata dhidi ya Bulgaria dakika ya 90? Ni kosa lilelile lililorudiwa baada ya wiki tano, na mara ya kwanza halikuhitaji krosi ya mtu.

---

Mombasani

Salaam kutoka pwani. Uzi umetulia.

Swali langu: Ufaransa wangeishia 2-2 na Israel, si wangepata pointi 14 na kufuzu? Yaani bao la Atar ndilo lililowaua?

---

KibenderaChaKona

Ndugu yangu Mombasani, swali zuri, na jibu lake linashangaza: la, wasingefuzu, kama mechi ya mwisho ingekwisha vilevile 2-1.

Fuata hesabu. Sare ya 2-2 na Israel inawapa 14. Kisha wanafungwa na Bulgaria, wanabaki 14. Bulgaria nao wanakuwa na 14. Tofauti ya mabao: Bulgaria wamefunga 19 na kufungwa 10, yaani 9. Ufaransa wangekuwa wamefunga 17 na kufungwa 9, yaani 8. Bulgaria wanapita kwa bao moja. Hata ukitaka kuwapima kwa mechi walizokutana wenyewe kwa wenyewe, Bulgaria walishinda zote mbili: 2-0 kule Sofia Septemba 1992, Stoichkov kwa penalti na Balakov, halafu hiyo 2-1 ya Paris.

Kwa hiyo bao lililowaua usiku wa Israel ni lile la Berkovic la dakika ya 83, lililowanyang'anya pointi ya 15. La Atar lilikuja juu ya maiti.

Na hapo ndipo panaponifanya nimtetee Ginola kwa moyo wote. Mpaka dakika ya 83 ya mechi ile, Ufaransa ilikuwa imefuzu kwa bao lake.

---

Namba Sita

Hiyo ya kwamba walikuwa wamefuzu kwa bao la Ginola sikuwa nimewahi kuisikia. Imenigonga.

Lakini bado nasema kocha alikuwa na haki ya kukasirika.

---

KibenderaChaKona

Kukasirika, sawa. Gérard Houllier alikuwa na haki ya kukasirika ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Alichofanya ni kumtaja mchezaji wake hadharani kwa maneno mazito, na kuanzia siku hiyo nchi nzima ikapata mtu wa kumnyooshea kidole. Kocha ndiye aliyemwingiza winga mshambuliaji dakika ya 69 wakati sare inatosha. Kocha ndiye aliyekuwa benchi usiku wa Israel. Houllier alijiuzulu, hilo alilifanya kiungwana, na wengi humu tunamkumbuka kwa mema aliyoifanyia Liverpool, yale makombe matatu ya 2001. Namheshimu kama kocha wa klabu. Kwa hili la Ginola hapana.

Na Ginola mnamjua ninyi mnaofuatilia Ligi Kuu ya Uingereza: Newcastle, kisha Tottenham, mchezaji bora wa mwaka wa wachezaji wenzake 1999. Mtu aliyeweza kucheza hivyo timu yake ya taifa ilimhitaji, na alipotea kwayo akiwa bado kijana.

---

Kiberenge

Mimi nipo upande wa Bulgaria tangu utotoni kwa sababu ya Stoichkov, kwa hiyo naomba mnisikilize kidogo. Huu uzi wote ni Ufaransa, Ufaransa. Kwani Bulgaria waliokota tiketi barabarani?

Jamani, Bulgaria kabla ya 1994 walikuwa wamecheza Kombe la Dunia mara tano, 1962, 1966, 1970, 1974 na 1986, mechi 16, na hawakushinda hata moja. Mechi 16! Kizazi hiki cha akina Stoichkov wa Barcelona, Balakov wa Sporting, Kostadinov wa Porto, Penev wa Valencia, Lechkov wa Hamburg, kilikuwa kimekosa Kombe la Dunia la 1990. Hawa watu walikwenda Paris wakijua wakikosa tena huenda wasipate nafasi nyingine.

Halafu kuna habari ya viza. Kostadinov na Penev, ndio hao wawili waliotengeneza bao la pili, hawakuwa na viza za kuingia Ufaransa! Kipa Mihaylov na Georgi Georgiev walikuwa wanacheza Mulhouse, mji wa Ufaransa ulio karibu na mpaka wa Ujerumani, wakawa wanakijua kituo cha mpakani ambacho ukaguzi wake si mkali. Wakawapitisha kwa gari kutokea upande wa Ujerumani. Wachezaji wenyewe wameisimulia habari hii mara nyingi. Mpikaji wa bao na mfungaji wake, wote wawili wameingia nchini kwa mlango wa nyuma.

---

DadaWaKandanda

Kiberenge nilijua habari ya viza lakini sikujua kwamba ndio haohao wawili wa bao la mwisho. Mwili umenisisimka.

---

KibenderaChaKona

Kiberenge una haki kabisa, na nakushukuru. Bulgaria hawakuokota kitu. Ila nao walitaka kujiharibia wenyewe: Aprili 1993 walifungwa 3-1 na Austria, na Mei wakatoa sare ya 2-2 na Israel nyumbani Sofia. Baada ya sare ile wengi waliwahesabu kuwa wamekwisha. Kumbe ile pointi moja, ambayo siku ile ilionekana aibu, ndiyo iliyowaweka mbele ya Ufaransa kwa pointi. Iondoe, Bulgaria wanaishia 13 sawa na Ufaransa, na ingebidi tofauti ya mabao iamue.

Sweden sina maneno mengi. Ravelli golini, Brolin, Dahlin, Kennet Andersson, kocha Tommy Svensson, wametoka kufika nusu fainali ya Euro 1992 waliyoiandaa wenyewe. Walifungwa mechi moja tu, Paris, Cantona alipofunga mabao yote mawili. Ufaransa walipokwenda kwao Agosti 1993 waliongoza kwa bao la Sauzée, Dahlin akasawazisha dakika za lala salama. 1-1. Hiyo ndiyo sare pekee ya Ufaransa kwenye kundi, na hata hiyo ilikuwa ushindi uliowaponyoka.

---

Mombasani

Kumbe hata sare yao moja ilitokana na kushindwa kulinda! Mara tatu basi: Stockholm, Israel, Bulgaria. Mara zote dakika za mwisho.

---

KibenderaChaKona

Ndiyo hoja yangu yote hiyo umeifunga kwa sentensi mbili.

---

Mzee wa Redio

Vijana, nimesoma kimya kimya, naomba niongeze la upande wangu maana usiku ule nilikuwa macho na redio.

17 Novemba 1993 haikuwa ya Ufaransa peke yao. Karibu Ulaya nzima ilikuwa inafunga makundi siku ileile. Denmark, mabingwa wa Ulaya wa 1992, walifungwa 1-0 na Hispania kule Sevilla, nao wakabaki nyumbani. Wales walifungwa na Romania 2-1 kule Cardiff baada ya Paul Bodin kugonga mwamba kwa penalti. Uingereza walikuwa Bologna wakicheza na San Marino, wakafungwa bao na Davide Gualtieri kabla sekunde kumi hazijatimia. Walishinda 7-1 lakini Uholanzi wakashinda ugenini Poland na Uingereza ikatoka. Mabingwa wa Ulaya nje, Uingereza nje, Ufaransa nje, usiku mmoja. Sijawahi kusikia usiku wa namna hiyo tena.

---

Namba Sita

Shikamoo mzee. Hiyo orodha inatisha. Siku hizi na timu nyingi zinazofuzu na mitoano juu yake, usiku wa hivyo ni mgumu kutokea.

---

Mzee wa Redio

Marahaba mwanangu. Ndiyo maana mechi za kufuzu za enzi hizo zilikuwa na hofu yake. Afrika yetu nayo ndiyo kwanza ilikuwa imepewa nafasi ya tatu: Nigeria, Cameroon na Morocco.

Na kuna jambo ambalo hamjaligusa. Timu zote mbili zilizotoka kundi hilo la 6 zilianza Kombe la Dunia kwa kukutana na sisi. Sweden walicheza na Cameroon, 2-2, wakanusurika kwa bao la Dahlin. Bulgaria walicheza na Nigeria kule Dallas, wakala 3-0. Rashidi Yekini, Daniel Amokachi, na la tatu la Emmanuel Amunike.

---

DadaWaKandanda

Amunike wetu!! Huyuhuyu aliyeipeleka Taifa Stars AFCON 2019, ya kwanza tangu 1980.

Na mzee umenikumbusha kitu kinachokwenda sawasawa na hoja ya mleta uzi. Kundi letu la kufuzu AFCON ile, Stars tulimaliza na pointi 8: ushindi mbili, sare mbili, kufungwa mbili. Tulikwenda Kampala tukatoka 0-0 na Uganda, watu wakasema hakuna jipya. Siku ya mwisho tunaingia sisi na Lesotho tukiwa na pointi 5 kila mmoja, tukampiga Uganda 3-0 kwa Mkapa, Lesotho wakatoka sare ugenini kwa Cape Verde. Bila ile pointi ya Kampala tungeishia 7, mbele ya Lesotho kwa pointi moja tu, na mioyo ingesimama. Sare ya ugenini tunaidharau sana sisi Watanzania.

---

KibenderaChaKona

Dada, hapo umeleta mfano mzuri kuliko wangu.

Ngoja nimalizie upande wa Ufaransa, maana naona bado kuna watu wanadhani walizinduka ghafla 1998 kwa sababu ya Zidane.

Baada ya Houllier, timu ikachukuliwa na msaidizi wake, Aimé Jacquet. Alikuwa benchi usiku wote ule wa 1993, aliyaona yote. Kundi lake la kwanza ni la kufuzu Euro 1996. Matokeo yake: mechi 10, ushindi 5, sare 5, kufungwa sifuri. Mabao 22 kwa 2. Mawili tu ya kufungwa! Walianza na 0-0 na Slovakia, 0-0 na Romania, baadaye 0-0 na Poland, 0-0 na Israel ugenini. Magazeti ya kwao yalimshambulia kweli kweli, kwamba timu yake haina ladha. Yeye akaendelea. Kwanza aliifundisha timu kutofungwa, mengine yakafuata.

Na nani walikuwa nguzo zake? Deschamps, Desailly, Blanc, Petit. Wote wanne walikuwa uwanjani Kostadinov alipofunga. Wote wanne wana medali ya dhahabu ya 1998, na Lama naye alikuwemo kikosini kama kipa wa akiba. Hao hawakuitwa wasaliti, walipewa nafasi ya kujifunza. Ginola aliachwa njiani.

---

Kiberenge

Na Bulgaria je? Umewaacha kwenye 3-0 ya Nigeria kama vile walirudi nyumbani!

Baada ya Nigeria waliipiga Ugiriki 4-0, ushindi wao wa kwanza kabisa wa Kombe la Dunia. Wakaipiga Argentina 2-0. Wakaitoa Mexico kwa matuta, Mihaylov akidaka. Robo fainali wakawatoa Ujerumani, mabingwa watetezi: Stoichkov kwa faulo, Lechkov kwa kichwa cha kuruka. Italia ndio waliowazuia nusu fainali, 2-1, Roberto Baggio yote mawili. Halafu mshindi wa tatu wakakutana na nani? Sweden wa kundi lao lilelile, wakala 4-0. Kwa hiyo nafasi ya tatu na ya nne ya dunia zote zilitoka kundi la 6. Mtu asije akasema Ufaransa walitolewa na timu ndogo.

La kusikitisha ni Penev. Aliyempasia Kostadinov usiku ule hakwenda Marekani. Aligunduliwa saratani mwaka huo wa 1994, akakaa pembeni akitibiwa wakati wenzake, chini ya kocha Dimitar Penev ambaye ni ndugu wa baba yake, wanaandika historia. Pasi ile ndiyo iliyoipeleka nchi kwenye Kombe la Dunia, na yeye alilitazama akiwa mgonjwa.

---

DadaWaKandanda

Duh. Alipona?

---

Kiberenge

Alipona na akarudi uwanjani, alhamdulillah. Alicheza Euro 1996.

---

KibenderaChaKona

Na Euro 1996 ndiko walikokutana tena. 18 Juni 1996, kundi moja, mechi ya mwisho, Ufaransa na Bulgaria. Blanc akafunga kwa kichwa. La pili Penev alijifunga mwenyewe. Stoichkov akarudisha moja kwa faulo, Loko akamalizia dakika ya mwisho. 3-1, Bulgaria wakatoka, Ufaransa wakaendelea hadi nusu fainali.

Ilichezwa St James' Park, Newcastle.

---

Namba Sita

St James' Park si ndiyo nyumbani kwa Ginola? Mwaka huo alikuwa Newcastle. Alicheza?

---

KibenderaChaKona

Hakuitwa. Yeye wala Cantona, wote wawili wako Ligi Kuu ya Uingereza na wote wawili wako kwenye ubora wao. Mashabiki wa Newcastle walikuwa wamemwangalia msimu mzima kwenye nyasi zilezile.

Kuhusu Cantona nina maelezo marefu kidogo, kwa sababu mwaka 1995 alifungiwa na Jacquet akajenga timu bila yeye. Hilo linahitaji uzi wake.

---

Mombasani

Ulete huo wa Cantona. Na Mzee wa Redio tunamwomba atuletee ule wa Denmark na Hispania pale Sevilla, kwa sababu bingwa wa Ulaya kukosa Kombe la Dunia naona tumepita juu juu.

---

Mzee wa Redio

Nitauandika, inshallah. Ule una Jamhuri ya Ireland ndani yake. Walimaliza sawa na Denmark kwa pointi na kwa tofauti ya mabao, ikabidi wahesabiwe mabao ya kufunga. Nipeni hadi Jumamosi.